Tochi Inayowaka Ikipenda: Kisa cha Tochi ya Mlinzi wa Lango, South B

Tochi yenyewe ni nyeusi, ya alumini, inabeba betri moja ya lithiamu ya saizi iitwayo 18650, na swichi yake ni ya kubonyeza mkiani. Ina mwanga mdogo, wa kati na mkubwa, na ina kumbukumbu: ukiizima ikiwa kwenye mwanga mkubwa, itaanzia hapo hapo ukiiwasha tena. Anayeitumia ni mlinzi wa zamu ya usiku kwenye nyumba za ghorofa mtaa wa South B, Nairobi, anaingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Stima ikipotea, tochi hiyo ndiyo macho yake.

Malalamiko yalikuwa hivi. Akibonyeza mara tatu, mara moja tochi inakataa kabisa. Siku nyingine inawaka mwanga mdogo bila shida, lakini akipandisha kwenda mwanga mkubwa inapiga mmweko mmoja kama radi, inazima, kisha inarudi yenyewe kwenye mwanga mdogo. Akiigonga kwenye kiganja, inashika. Na lililomchosha zaidi ni kwamba mchana, mezani kwa fundi, tochi inawaka kila inapobonyezwa, kana kwamba yeye ndiye mwenye kasoro.

Kabla ya kufika kwenye uchunguzi huu, tochi ilikuwa imeshatibiwa mara tatu. Ilibadilishiwa betri mara mbili, kila moja ikiwa imeandikwa 9900 mAh (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba). Fundi wa pili aliweka mita ya umeme kwenye swichi, mita ikalia, akasema swichi ni nzima. Halafu mtu akakunja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara na kuiweka kati ya betri na springi ya mkia, "ili ishike vizuri". Ilishika siku nne.

Neno la kwanza aliloambiwa mlinzi na fundi wa safari hii halikuhusu kifaa chochote cha kupimia.

"Ikikataa tena, mzee, usiigonge. Iache hivyo hivyo ilivyokataa, uilete."

"Na nikae gizani?"

"Chukua hii nyingine kwa usiku mmoja."

Hitilafu inayokuja na kuondoka haiwezi kupimwa ikiwa imeondoka. Kila unapoigonga tochi unafuta ushahidi na, kama itakavyoonekana mbele, unaongeza ugonjwa.

Kuifanya ikatae kwa kutaka

Kazi ya kwanza ni kutafuta hali ambayo tochi inakataa mara nyingi kuliko kawaida. Ilizimiwa kwenye mwanga mdogo ili ianzie hapo, kisha ikabonyezwa mara 10 ikielekezwa chini, mara 10 ikiwa imelala, na mara 10 ikielekezwa juu. Ikielekea chini iliwaka mara 9. Ikilala, mara 7. Ikielekea juu, mara 4 tu.

Hapo fumbo la mezani kwa fundi likafunguka. Tochi kali inaumiza macho, kwa hiyo mafundi wengi wanaisimamisha kwa uso, kioo kikitazama meza, halafu wanabonyeza mkia. Yaani wanaijaribu katika mkao ule ambao ndio salama kwake. Mlinzi naye anamulika madirisha ya ghorofa ya tatu na tangi la maji juu ya paa, na hapo tochi inaelekea juu, betri inaegemea mkia kwa uzito wake wote. Ukitaka kujua kama tochi ni nzima, ijaribu inavyotumika, siyo inavyokufaa wewe.

Mkao ukibadilisha matokeo, maana yake kuna kitu kinachosogea. Chipu haijali juu wala chini. Kinachosogea ni betri, springi, bodi ya swichi (kibao kidogo cha umeme kinachobeba swichi) au pete inayoishika.

Kwa nini mwanga mdogo unapita na mkubwa unakwama

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo, na inafaa kwenda polepole.

LED ya tochi hii, yaani taa yenyewe, ni ya vipande vinne kwenye kitako kimoja na inataka zaidi ya volti 6. Betri ya lithiamu ikijaa hadi mwisho inatoa volti 4.2. Kwa hiyo kichwani mna bodi ya kupandisha volti. Bodi ya aina hii ina tabia moja ambayo lazima ijulikane: haidai mkondo wa kiasi fulani, inadai wati za kiasi fulani. Volti zinazoifikia zikipungua, inavuta ampea zaidi ili wati zitimie. Na ampea zikizidi, volti zinazopotea njiani nazo zinazidi, basi inavuta zaidi tena. Huo ni mteremko usio na breki. Unaishia pale volti zinapoanguka chini ya kiwango ambacho chipu ya kuamuru inaweza kufanya kazi. Chipu inajizima, mzigo unaondoka, volti zinapanda tena, chipu inaamka na kuanza upya. Jicho linaona mmweko mmoja na giza, au mmweko na kurudi mwanga mdogo.

Vipimo vya tochi hii: mwanga mdogo ulivuta kama wati 0.6, wa kati wati 6.5, mkubwa wati 14. Sasa kuna hesabu rahisi ambayo fundi yeyote anaweza kuifanya kwa simu. Wati nyingi kabisa zinazoweza kupita kwenye njia yenye ukinzani ni volti za betri mara zenyewe, ugawe kwa ukinzani wote uliozidishwa mara nne. Betri ikiwa na volti 4.08 na njia nzima ikiwa na omu 0.65, unapata wati 6.4. Basi. Hata LED iwe nzuri namna gani, hakuna wati 14 zitakazopita hapo. Mwanga mdogo unapita bila kujua kuna tatizo, wa kati uko ukingoni kabisa, mkubwa hauwezekani.

Omu 0.65 ni kidogo sana. Ukiweka mita ya kawaida kwenye hali ya kulia, inalia kwa chochote kilicho chini ya omu 30 hivi, nyingine hata 50. Mita iliyolia kwenye swichi ilikuwa inasema kweli, lakini ilijibu swali lingine. Kuipima kwa hali ya omu nako hakusaidii sana, kwa sababu waya za mita za bei nafuu zenyewe zina omu 0.2 hadi 0.5. Unapima waya zako.

Kugawa njia mara mbili

Mkondo unatoka upande chanya wa betri, unapita springi ya kichwani, bodi, LED, unarudi kupitia kichwa na mwili wa tochi hadi ukingo wa nyuma wa mrija. Ukingo huo umeachwa bila rangi makusudi, kwa kuwa rangi ngumu ya alumini ni oksidi na haipitishi umeme. Kutoka ukingoni mkondo unaingia kwenye pete ya mkia, kutoka pete hadi bodi ndogo ya swichi, swichi yenyewe, springi ya mkia, na kufika tako la betri.

Mkia wote unaweza kuondolewa kwenye hesabu kwa waya mmoja. Fungua mkia, acha betri ndani ya mrija, chukua kipande kifupi cha waya mnene wa shaba (ule wa nyumba wa milimita 2.5 mraba unafaa), gusisha ncha moja kwenye tako la betri na nyingine kwenye ukingo usio na rangi. Tochi inawaka bila swichi. Hakikisha waya unagusa tako tu na ukingo tu. Na hapa onyo, kwa sababu kosa hili limeunguza mita nyingi: mita ikiwa kwenye ampea isiwekwe kamwe kati ya chanya na hasi ya betri. Hiyo ni shoti moja kwa moja. Mita ya ampea inakaa mahali pa waya huo, kati ya tako na ukingo, kwenye tundu la ampea 10, na kwa sekunde chache tu.

Kwa waya wa shaba, mwanga mdogo ulishika mara 30 kati ya 30, mikao yote. Wa kati pia. Mkubwa uliwaka, ukashikilia sekunde kadhaa, ukaanza kupepesa.

Matokeo hayo yanaudhi, na watu wengi hapa ndipo wanapopotea. Yanasema mkia ni mbovu, na wakati huo huo yanasema mkia siyo mwisho wa habari. Kulikuwa na hitilafu mbili zinazotoa dalili moja.

Mkia

Ili kujua mkia unakula volti ngapi na wapi, ulifanywa kuwa sehemu ya njia lakini nje ya tochi: waya kutoka tako la betri hadi ncha ya springi ya mkia, waya mwingine kutoka pete ya mkia hadi ukingo wa mrija. Betri iliyotumika kwa kipimo hiki ni nyingine, iliyojulikana kuwa nzima, ili ubovu wa ile ya tochi usiingie kwenye hesabu. Swichi ikiwashwa, tochi kwenye mwanga wa kati, mkondo ulikuwa ampea 2. Mita ikawekwa kwenye milivolti na ncha zake zikagusishwa kiungo kwa kiungo. Namna hii waya za mita hazidanganyi, kwa sababu hakuna mkondo wa maana unaopita ndani yake.

Springi, kutoka ncha hadi mzizi: volti 0.08. Swichi: 0.06. Kutoka bodi ya swichi hadi pete: 0.63, na haikutulia. Ukisukuma springi kwa kidole ilipanda juu ya 0.9, ukiinamisha mkia ilishuka hadi 0.1. Jumla ni 0.77 kwa ampea 2, yaani karibu omu 0.38, na zaidi ya robo tatu ya hiyo iko mahali pamoja.

Kwa macho, pete hiyo ilionekana nzima. Ni duara la alumini lenye thredi nje na matundu mawili madogo ya kuingizia koleo. Lakini ilizunguka kwa ukucha. Ilikuwa imelegea robo mzunguko hivi. Ilipotolewa, upande uliogusa bodi ulikuwa na alama ya mwezi mwandamo, nyeusi, nusu tu ya duara. Nusu nyingine iling'aa kama mpya kwa sababu haikuwa ikigusa chochote. Kwenye thredi mlikuwa na uji wa kijivu, grisi iliyochanganyika na unga wa alumini. Karatasi ya sigara nayo ilikuwa imebaki vipande, imeungua katikati mahali springi ilipoikanyaga.

Ilivyokuwa ni hivi. Pete ndiyo inayoibana bodi ya swichi. Springi ya mkia inaisukuma bodi kuelekea nyuma, mbali na pete. Pete ikikaza, hakuna pa kwenda. Ikilegea hata nusu milimita, bodi inarudi nyuma na mguso unabaki upande mmoja. Tochi ikielekea juu uzito wa betri unaongeza msukumo huo. Ampea kadhaa zinapopita kwenye mguso wa nukta moja zinatoa cheche, cheche zinachoma uso, uso uliochomwa unaongeza ukinzani, ukinzani unaleta joto, na joto la kila usiku na ubaridi wa kila asubuhi vinaendelea kuilegeza pete.

Na kilichoanza kuilegeza? Walinzi wengi wanagonga geti kwa mkia wa tochi kumwita mwenzao au kumjibu mwenye gari. Mkia wa tochi hii ulikuwa umechubuka hadi alumini nyeupe. Kila pigo linaenda moja kwa moja kwenye pete. Kisha ikikataa kuwaka, inagongwa kwenye kiganja, bodi inaruka mbele na kugusa pete kwa muda, inawaka, na pete inazidi kulegea. Dawa ndiyo iliyokuwa ikilisha ugonjwa.

Marekebisho yalichukua kama dakika 40. Pete ilitolewa kwa koleo la mdomo mrefu, ncha ndani ya matundu mawili, kuzungusha kinyume cha saa. Bodi, swichi na kifuniko cha mpira vikatoka vyenyewe. Ni vizuri kuvipiga picha kwa mpangilio kabla ya kuvigusa. Nyuso za mguso zilisuguliwa kwa raba ya penseli, siyo msasa, kwa kuwa msasa unaondoa dhahabu nyembamba iliyopakwa kwenye bodi na springi na baada ya hapo kutu haina kizuizi. Lile doa jeusi kwenye pete lilikataa raba, basi pete peke yake, ambayo ni alumini tupu, ilisuguliwa kwa msasa laini namba 1000 juu ya kioo ili ibaki tambarare. Halafu kila kitu kikaoshwa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99, ile wanayotumia mafundi wa simu Luthuli Avenue. Spiriti ya kidonda ya duka la dawa inaacha mafuta. Thina inasafisha sana lakini inakula mpira na plastiki. Isikaribie kifuniko cha swichi wala mipira ya kuzuia maji.

Pete ikarudishwa na kukazwa hadi ikakataa, kisha kidogo tu zaidi. Kipimo kipya, ampea 1.7: pete volti 0.01. Kutoka 0.63 hadi 0.01 kwa raba, spiriti na koleo.

Springi iliongezewa waya. Ni waya laini wa nyuzi nyingi, geji 22, wenye ganda la silikoni, unaolehemiwa ncha moja kwenye kichwa cha springi na nyingine kwenye mzizi wake, ukiacha ulegevu wa kutosha springi ibonyee bila kuuvuta. Springi ya chuma cha pua ni nzuri kwa kusukuma, mbaya kwa kupitisha umeme. Kwa waya wa shaba pembeni yake kazi hizo mbili zinagawanywa. Lehemu haraka, sekunde mbili au tatu, maana springi ikipashwa sana inapoteza nguvu, na swichi iliyo upande wa pili wa bodi ni plastiki inayoyeyuka. Baada ya hapo mkia wote ulikuwa na volti 0.07, kama omu 0.04.

Mipira ya kuzuia maji ilipakwa grisi ya silikoni, filamu nyembamba tu. Vaselini inavimbisha baadhi ya mipira. Grisi isifike kwenye ukingo usio na rangi. Futa ukingo huo kwa kitambaa kikavu mwisho kabisa, kila unapofungua.

Betri

Sasa ile hitilafu ya pili. Betri ya mlinzi, ikiwa imetoka kwenye chaja na kupumzika, ilisoma volti 4.08. Kwa macho ya mita, betri nzuri. Tochi ikiwashwa mwanga wa kati, ampea 1.8, ilishuka papo hapo hadi 3.60. Volti 0.48 kugawanya kwa 1.8 ni karibu omu 0.27. Betri nzima ya aina hii, ikipimwa hivyo hivyo, hupoteza kama sehemu ya sita au ya saba ya hiyo.

Kuna njia ya haraka zaidi, nayo ni mizani ya jikoni. Seli halisi ya 18650 ina uzito wa gramu 43 hadi 50. Hii ilikuwa gramu 33. Maandishi ya 9900 mAh hayahitaji hata mizani: seli za 18650 zinazoheshimika huishia karibu 3500, kwa hiyo namba iliyo karibu mara tatu ya hiyo inajikana yenyewe. Kuna seli halali kama Samsung 30Q, ya 3000 mAh inayostahimili ampea 15, au 25R, ya 2500 mAh na ampea 20; nazo pia zinaigizwa, kwa hiyo mizani na kipimo cha kushuka kwa volti vifanywe hata kama ganda limeandikwa vizuri. Muuzaji anayekataa betri kupimwa dukani, achana naye.

Seli za laptopu kuukuu zinazouzwa moja moja zinafaa kwa redio na tochi ndogo. Kwa wati 14, zilizo nyingi zimezeeka kiasi cha kurudisha tatizo hili hili.

Turudi kwenye hesabu, maana inaeleza kwa nini matibabu yote ya awali yalionekana kushindwa. Mkia mzima na betri hii dhaifu: omu 0.31, wati 13.4 za juu kabisa. Mwanga mkubwa unataka 14. Hautoshi. Betri nzuri na mkia ule mbovu: omu 0.42, wati 9.9. Hautoshi pia. Yaani hata kama ile betri ya kwanza iliyonunuliwa ingekuwa halisi, ya bei, mwanga mkubwa ungeendelea kukatika, na mwenye tochi angeapa kwamba betri haikuwa shida. Na kama angekuwapo fundi aliyekaza pete peke yake, naye angeambiwa hakufanya lolote. Ni vibaya kuondoa marekebisho sahihi kwa sababu hayakuponya peke yake. Ukipima volti kiungo kwa kiungo unaona kila rekebisho limepunguza nini, hata kama tochi bado inapepesa, na huna haja ya kurudi nyuma.

Vyote viwili vikirekebishwa, omu 0.08, zaidi ya wati 50. Hapo bodi ina nafasi kubwa ya kupumua, hata betri ikishuka hadi volti 3.5.

Baridi nayo ina mchango. Usiku wa Julai Nairobi unashuka hadi nyuzi 10 au 12, na ukinzani wa ndani wa betri ya lithiamu unapanda kwenye baridi. Betri iliyo ukingoni saa nane mchana iko nje ya ukingo saa tisa usiku. Ndiyo sababu nyingine ya tochi kuwa nzima mbele ya fundi.

Ganda la betri ya zamani lilikuwa limechanika upande wa chanya. Hilo peke yake lilitosha kuistaafisha. Kopo lote la seli ni hasi hadi kwenye bega, na chanya iko milimita chache tu kutoka hapo. Karatasi ya fedha iliyo huru ndani ya mrija ikifika pale inaunganisha vyote viwili, na hakuna swichi ya kuzima moto huo. Kwa sababu hiyo tusiseme karatasi ya sigara ni suluhisho la muda. Isiwekwe. Betri hiyo ilibandikwa utepe wa gundi kwenye ncha zote mbili na kupelekwa kwa wanaokusanya taka za kielektroniki, siyo kwenye pipa la mtaa linalochomwa moto.

Zinazofanana na hii lakini siyo hii

Kama waya wa shaba usingebadilisha chochote, mkia ungeachwa na kazi ingehamia kichwani: kuna pete nyingine pale inayoibana bodi kubwa, nayo hulegea vivyo hivyo, na dalili yake ni mwanga kucheza ukishika kichwa na kukipinda pembeni. Kama tochi ingezima kabisa na isirudi hadi betri itolewe na kuwekwa kwenye chaja, hiyo ni betri yenye ulinzi ndani, mlinzi wa ndani amekata. Hizo hutambulika kwa urefu, milimita 68 hadi 70 badala ya 65. Kama betri mpya ya kichwa bapa haiwaki kabisa lakini ya chuchu inawaka, tazama kama kuna plastiki ndogo kuzunguka mguso wa kichwani. Imewekwa kuzuia betri kugeuzwa, nayo inazuia kichwa bapa kugusa. Na swichi yenyewe ikichakaa, volti zinazopotea kati ya miguu yake miwili zinapanda polepole wiki hadi wiki, hazirukiruki kwa mkao. Swichi nyingi za tochi za bei nafuu zimeandikwa ampea 1.5 au 3. Tochi hii inavuta karibu 4 kwenye mwanga mkubwa.

Kabla ya kuirudisha langoni

Tochi iliyokataa mara moja kwa tatu haithibitishwi kwa kuwashwa mara tano. Ilibonyezwa mara 100 ikielekezwa juu, kila mara ikianzia mwanga mkubwa. Ikaachwa dakika tano kwenye mwanga mkubwa hadi kichwa kikawa moto wa kushikika kwa shida, ikazimwa, ikawashwa mara 20 ikiwa bado moto. Betri ikatumika hadi volti 3.4, ikawashwa mara 20 tena. Mwisho mwili uligongwa kwa mpini wa bisibisi ikiwa inawaka, juu, katikati, mkiani. Haikupepesa. Milivolti za mkia zikapimwa upya baada ya hayo yote, na zilikuwa zile zile.

Mlinzi alipewa betri mbili za kupokezana, na chaja yake ikapimwa pia: baada ya taa ya kijani, betri ilisoma 4.19. Ingezidi 4.25, chaja ingefuata ile betri. Alionyeshwa namna ya kufuta ukingo wa mrija kwa kitambaa kikavu kila Jumapili, na kuijaribu pete kwa ukucha kila mwisho wa mwezi. Ikizunguka, isitumike, iletwe. Mwanga wa kati aufanye wa kawaida na mkubwa wa kumulika mbali kwa muda mfupi. Geti ligongwe kwa rungu.

Swichi ni ile ile ya awali, volti 0.05 kwa ampea 1.7. Namba hiyo imeandikwa kwa kalamu ndani ya kifuniko cha mkia pamoja na tarehe. Ikifika 0.15, ibadilishwe kabla haijaanza kukataa.